Tafiti za wanafunzi Usambara: Zinavyofanyika, na kwa nini wanakijiji hawazisomi

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

KATIKA magari ya abiria yanayopanda kona za Mombo kuelekea Soni na Lushoto, si ajabu kumkuta kijana mwenye begi la mgongoni, daftari gumu, tochi na barua yenye mhuri wa chuo. Wenyeji wamekwisha kuwazoea vijana wa namna hiyo. Wamezoea kuulizwa idadi ya watoto wao, miti wanayochemsha kwa ajili ya dawa na mahali wanapohifadhi mahindi. Wasichokizoea ni kuletewa majibu.

Kijana huyo ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza, naye yuko kazini. Katika vyuo vikuu vingi nchini, mwanafunzi wa biolojia, misitu, wanyamapori au afya hufanya mradi wa utafiti kabla ya kuhitimu. Huchagua swali, huandika pendekezo, hupewa msimamizi, huenda kukusanya takwimu kwa wiki chache, kisha huandika ripoti na kupewa alama. Kwa wengi hiyo ndiyo mara ya kwanza kuulizwa jambo ambalo jibu lake halimo katika kitabu chochote.

Sababu ya wengi kuchagua milima ya Usambara ni ya kijiografia. Ndani ya mwendo wa saa chache mtu hutoka tambarare yenye joto, mita 300 tu kutoka usawa wa bahari, akafika penye baridi kwenye zaidi ya mita 2,000. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, ambalo misitu yake ya kale ina mimea na wanyama wasiopatikana kwingineko duniani. Ua dogo la zambarau linalopamba madirisha ya Ulaya, Saintpaulia, lina asili yake huku. Lilipelekwa Ujerumani na ofisa wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, katika miaka ya 1890. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti huko Amani, Usambara Mashariki. Mwanafunzi anayefika leo anatembea juu ya nyayo za zaidi ya miaka 100.

Mfano mzuri wa faida ya mwinuko huo ni malaria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha maambukizi katika vijiji vya mabondeni na vya milimani Usambara, na ukaonyesha kwamba kati ya mita 300 na mita 1,700 maambukizi hupungua kwa zaidi ya mara 1,000. Mteremko mmoja, wilaya jirani, na tofauti kubwa kiasi hicho! Kwa mwanafunzi, mahali kama hapa ni maabara isiyohitaji kujengwa.

Msitu wa Mazumbai, upande wa Bumbuli, ni kituo kingine. Una ukubwa wa takriban hekta 320, na uliwahi kuwa mali ya familia ya walowezi kutoka Uswisi kabla ya kukabidhiwa chuo kikuu; leo uko chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) cha Morogoro. Mbali na wanafunzi wa SUA, kwa miaka mingi umepokea pia vijana wa Kimarekani wanaoletwa na School for International Training ya Vermont, ambao humalizia muhula wao nchini kwa mradi binafsi wa takriban mwezi mmoja. Wamehesabu mbega, vipepeo, ndege na, zaidi ya yote pengine, vinyonga.

Kinyonga ni mnyama anayemfaa mwanafunzi. Mchana huwezi kumwona. Usiku, akiwa amelala kwenye ncha ya tawi, rangi yake hupauka, na mwanga wa tochi humfichua kama jani jeupe. Hivyo mtafiti huchagua njia mbili zenye urefu sawa, moja kandokando ya msitu na nyingine ndani yake, akazipita usiku baada ya usiku kwa saa ileile na mwendo uleule, huku akiandika kila anachokiona.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni tu, amehesabu vinyonga 30 kandoni na 12 ndani. Je, amethibitisha kwamba kinyonga hupenda kando? Bado. Huenda ndani ya msitu kinyonga analala juu mno, mahali ambapo tochi haifiki, wakati kandoni matawi yako usawa wa kichwa. Mwanafunzi makini huandika urefu wa kila tawi, ili msomaji wake apime mwenyewe. Asiye makini hukimbilia hitimisho, tena kwa herufi nzito.

Swali hilo si la mchezo. Vinyonga wa Usambara walikuwa bidhaa. Walikamatwa na kuuzwa nje kwa wafugaji wa mapambo hadi serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Kinyonga wa pembe mbili wa Usambara Magharibi alitenganishwa rasmi na ndugu zake wa milima mingine mwaka 2008 tu. Kabla ya hapo wote walihesabiwa kama spishi moja iliyoenea, na spishi iliyoenea haimtii mtu wasiwasi. Hesabu za wanafunzi, zikirudiwa mwaka hadi mwaka kwenye njia zilezile, zingeweza kueleza kama wanapungua. Tatizo ni kwamba kila anayekuja huanza na njia yake mwenyewe.

Somo kubwa zaidi la Lushoto, hata hivyo, limo katika madaftari ya hospitali. Mwaka 1980 tauni ililipuka katika Usambara Magharibi, na kwa zaidi ya miaka 20 iliyofuata iliugua watu zaidi ya 7,000. Vijidudu vya ugonjwa huo huishi kwa panya na husafirishwa na viroboto. Panya akifa na mwili kupoa, kiroboto humhama na kutafuta damu nyingine yenye joto. Hatua zilizofaulu kuutokomeza mahali pengine nchini hazikufua dafu hapa.

Mwaka 2006 watafiti wa SUA na wenzao wa Ulaya walichapisha kazi ambayo kila mwanafunzi wa afya angepaswa kuisoma, kwa sababu zana zake kuu ni kumbukumbu za wagonjwa zilizotunzwa hospitalini tangu 1986 na sensa ya watu ya 2002. Waligawanya idadi ya wagonjwa wa kila kijiji kwa idadi ya wakazi wake. Ikaonekana kwamba ugonjwa ulijikusanya zaidi katika vijiji vitatu vilivyo juu na mbali: Madala, Nywelo na Gologolo. Ikaonekana pia kwamba wenye hatari kubwa ni watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19, na wenye hatari ndogo ni wanaume watu wazima. Katika kata yenye vijiji hivyo vitatu, mwanamke wa miaka 30 hadi 34 alikuwa katika hatari mara 2.4 zaidi ya mwanamume wa umri huo.

Kujumlisha na kugawanya ni hesabu ya shule ya msingi. Lakini imezaa swali ambalo mtu hulala nalo: kwa nini mama na mtoto, na si baba? Ni jikoni? Ni mahindi yanayowekwa ndani ya nyumba? Ni kuni? Kila mojawapo ni mradi wa mwanafunzi mmoja, mradi asishike panya wala viroboto bila glavu na msimamizi anayeijua kazi hiyo.

Hapo ndipo kalenda inapoingia. Utafiti huo ulionyesha kwamba wagonjwa waliongezeka kati ya Desemba na Februari, na idadi ya msimu ilibadilika kutoka sifuri hadi 1,150. Likizo ndefu za vyuo vyetu huangukia katikati ya mwaka, wakati wa kipupwe. Mwanafunzi anayepanda Lushoto mwezi wa Agosti akahesabu panya, amepima msimu ambao ugonjwa ulikuwa ukilala. Hakosei, ilimradi aandike hivyo. Hata kupungua kwa wagonjwa wilayani mwanzoni mwa miaka ya 2000 kusimdanganye mtu: mwaka 2007 tauni ililipuka upya nchini, safari hiyo Mbulu.

Mtego mwingine ni lugha. Dodoso huandikwa kwa Kiingereza, hutafsiriwa Kiswahili, na mzee anaweza kulijibu kwa Kisambaa. Ukimwuliza mama kama mtoto wake alipata homa, huenda ukaandika malaria, naye alimaanisha mwili kuchemka tu. Tafiti za Bagamoyo katika miaka ya 1990 zilionyesha kwamba wazazi wengi waliiona degedege kuwa ugonjwa mwingine kabisa, usiohusiana na malaria, na tiba yake wakaitafuta kwa mganga. Neno moja likikosewa, jedwali zima huharibika, na hakuna kompyuta ya kulitengeneza.

Vibali ni safari nyingine. Mgeni kutoka nje hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH); utafiti unaogusa afya za watu huhitaji idhini ya maadili, ambayo kitaifa husimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Baada ya hapo kuna mkoa, wilaya na, mwishowe, daftari la wageni la afisa mtendaji wa kijiji. Anayehojiwa ana haki ya kuelezwa kusudi la utafiti, na ana haki ya kukataa.

Anapokubali, amempa mgeni saa nzima ya shamba. Ripoti ya mwanafunzi wa nyumbani huishia kabatini mwa idara yake. Za Wamarekani wa Mazumbai nyingi zimewekwa kwenye intaneti, jambo la kusifiwa, ila ni za Kiingereza. Nami sina usafi wa kumnyooshea mtu kidole. Nilipokuwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari niligawa madodoso 40, na waliojibu sikuwarudia hata mmoja.

Muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, ukibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na nakala kuachwa zahanati, ungechukua jioni moja kuuandika. Huko Nywelo na Gologolo, mama anayelala karibu na mahindi yake angeona kwamba hatari yake iliwahi kupimwa na kupewa namba.