Daftari la Ami na Programu Yetu

Mhariri amenitaka nieleze programu za kompyuta hutengenezwaje. Nitaanza na ile iliyotushinda sisi wenyewe, maanake ndiyo ninayoijua vyema.

Ami yangu ana duka hapa Bondeni, njia ya kuelekea Makadara. Nusu ya mtaa huchukua unga na sukari kwa deni, naye huandika kwenye daftari lenye jalada jeusi. Ramadhani iliyopita madeni yalimzidi hata akakosa pesa za kununulia bidhaa. Basi mimi na wenzangu wawili tukajitolea kumtengenezea programu. Tukagawana kazi: mmoja majina ya wateja, mmoja hesabu, na mimi sura ya programu, yaani itakavyoonekana kwenye kioo. Kila mtu akenda kwao. Wiki 6 hatukuonyeshana kitu!

Siku ya kuunganisha ndipo tulipoona mambo. Wa majina alimtambua mteja kwa jina, wa hesabu kwa nambari aliyojibunia. Na hapa kwetu, msomaji, kina Fatma ni wangapi? Deni la Fatma mmoja likamwangukia mwengine. Mimi nilikuwa nimepamba rangi na kutia saa inayozunguka. Ami akatazama, akauliza, "Mwanangu, mtu yuko mlangoni, ataka kilo mbili za sukari. Nitajuaje, kabla sijampimia, kwamba deni lake limefika wapi?" Tukanyamaza. Hilo moja alilolihitaji hatukulitengeneza.

Sasa kuna programu ambayo ami huitumia kutwa bila kukumbuka kwamba ni programu: M-Pesa. Nayo haikuzaliwa ilivyo leo. Majaribio yalianza Oktoba 2005, Vodafone, Safaricom na Faulu Kenya wakishirikiana, na nia ilikuwa wateja wa Faulu walipe mikopo yao kwa simu. Waliojaribu walikuwa kiasi cha watu 500 tu. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliokuwa wakiusimamia mradi, waliona mambo mawili. Kwanza, kuoanisha malipo ya simu na hesabu za Faulu kulikuwa kazi nzito; ndio ugonjwa wetu wa majina na nambari. Pili, watu walikuwa wakiitumia kwa mambo wasiyofundishwa. Wakitumiana pesa wao kwa wao. Wengine wakiweka pesa kabla ya safari wakazitoa wafikapo, na wenye biashara wakizilaza humo usiku kama sandukuni.

Wangeweza kusema wateja wamekosea. Lakini waliiweka kando habari ya mikopo, na Machi 2007 Safaricom ikaitoa huduma kwa umma na kazi moja mbele: kutuma pesa nyumbani. Mambo mengine yakafuata polepole. Hata mikopo ilirudi, mwaka 2012, kwa jina la M-Shwari.

Nasi tukaanza upya. Twakutana kila Alhamisi baada ya alasiri, dukani hasa, juu ya magunia, na kila mara twaunganisha kilichopo hata kikiwa kibaya. Tulikubaliana kwanza mteja atambulike kwa nambari yake ya simu, Fatma wote wakapumua. Wiki ya kwanza programu ilijua jambo moja tu: andika nambari, uone deni. Ya pili, deni likipita kiwango alichokiweka ami, lawa jekundu. Saa yangu inayozunguka ilitupwa, na nilinuna siku mbili, sifichi.

Daftari jeusi bado liko, kwa kuwa stima hupotea. Lakini wiki ya tatu ami aliandika nambari ya mtu aliyesimama mlangoni, akaona nyekundu, akamwambia kwa upole alipe kidogo kwanza. Hajawahi kumkatalia mtu yule. Mtu mwenyewe alikuwa babangu.