Fungate ni siku ngapi? Neno la harusini lenye funzo kwa Waluguru wa Moro

Soko kuu la Morogoro Mjini linaitwa Chifu Kingalu, jina la machifu wa Waluguru. Mboga na matunda yanashuka kutoka Milima ya Uluguru. Ila bei? Mia tano, buku, elfu mbili. Kiswahili mwanzo mwisho. Hata waliosalimiana kwa Kiluguru, wakifika kwenye hela mara nyingi wanabadili lugha.

Kwa nini namba?

Sababu ya kwanza ni soko: muuzaji na mteja wa makabila tofauti lazima waelewane bei. Ya pili ni shule. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na sekondari ni Kiingereza. Mtoto anajifunza kujumlisha kwa lugha moja, aljebra kwa nyingine. Lugha ya bibi yake haimo.

Kiswahili nacho kilipoteza

Sita, saba na tisa zina asili ya Kiarabu. Zamani watu walisema tandatu, fungate na kenda. Leo fungate imebaki kwa maharusi: siku zao saba baada ya ndoa. Wanaisimu wanaeleza kuwa neno hilo limetokana na kufunga vidole vitatu. Jaribu: una vidole kumi, kunja vitatu, vinabaki saba. Umeshatoa hesabu bila kalamu. Tandatu nayo ni tatu na tatu.

Hiyo ndiyo hasara. Namba ikipotea, inaondoka na namna ya kufikiri ambayo ingemsaidia mtoto wa darasa la kwanza.

Zinarudi?

Inawezekana. Maneno kama pembetatu na kipeuo yanatumika darasani kwa sababu watu walikaa wakayatunga na kuyasanifu. Nyuzilandi, Wamaori walianzisha shule za awali za lugha yao mwaka 1982, wakaunda istilahi, na 1996 ukatoka mtaala wa hisabati kwa Kimaori.

Kiluguru hakianzii sifuri. Mwanaisimu Daniel Mkude alikiandikia tasnifu ya uzamivu mwaka 1974.

Na wewe una simu. Ukipanda Mgeta au Matombo, mwombe bibi ahesabu moja hadi kumi kwa Kiluguru. Muulize walipimaje shamba, waligawanaje mavuno. Mrekodi, kisha hifadhi. Wanaozijua namba hizo wanazeeka.