Feni ya laptopu: Kukosea namba ni kulipa mara mbili

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa wanaoagiza feni za laptopu kutoka Dar es Salaam wanashauriwa kutumia namba iliyobandikwa kwenye feni yenyewe, badala ya kutegemea jina la kompyuta. Laptopu mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na feni tofauti, hasa pale moja inapokuwa na kadi ya picha ya peke yake na nyingine haina.

Mnunuzi wa Kariakoo akikosea, hurudi dukani siku hiyo hiyo. Wa Mbinga yuko umbali wa takriban kilomita 1,000. Tuchukue mfano wa hesabu: feni sh. 35,000 na nauli ya kifurushi sh. 8,000, jumla sh. 43,000. Ikiwa siyo yenyewe na muuzaji hairudishi, agizo la pili linafikisha gharama sh. 86,000. Hapo hazijahesabiwa siku ambazo steshenari au ofisi ya chama cha ushirika imekaa bila mashine katikati ya msimu wa kahawa.

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha kwamba feni ndiyo mbovu. Ikiwa inazunguka kwa kasi lakini hewa inayotoka ni kidogo, mara nyingi tatizo ni vumbi lililoziba mapezi ya kutolea joto, kusafisha kunatosha. Ikiwa inakwaruza, au haizunguki kabisa hata mashine ikichemka, hapo kipuri kinahitajika. Baadhi ya kompyuta za HP huonyesha msimbo 90B wakati wa kuwashwa, maana yake feni haifanyi kazi ipasavyo.

Pili, fundi aifungue mashine na kupiga picha lebo ya feni, pande zote mbili. Namba za vipuri za HP huwa na tarakimu sita, au herufi moja na tarakimu tano, kisha kistari na tarakimu tatu. Lenovo huita namba yake FRU, na Dell huandika DP/N. Aidha, lebo huwa na jina la mtengenezaji wa feni, kama vile Delta au Sunon, pamoja na namba yake. Mtumie muuzaji picha hiyo, naye akutumie picha ya feni aliyonayo kabla hujalipa.

Tatu, linganisha umeme. Feni nyingi za laptopu hutumia volti 5, lakini zipo za volti 12. Hesabu nyaya pia. Feni ya nyaya 4 ina waya wa kupokea amri ya kasi kutoka kwenye mashine. Ya nyaya 3 haina, hivyo kwa kawaida haifai kuchukua nafasi yake hata kama plagi inaingia.

Nne, angalia umbo: unene, matundu ya skrubu, urefu wa nyaya na upande hewa inakotokea. Laptopu zenye feni mbili huwa na ya kulia na ya kushoto, ambazo kwa kawaida hazibadilishani.

Ikiwa feni imeungana na bomba la shaba linalokaa juu ya prosesa, agiza na pasta ya kupitishia joto katika kifurushi kimoja. Pasta ya zamani ifutwe yote kwa spiriti kabla ya kupaka mpya. Feni inayotoka peke yake bila kugusa bomba haihitaji pasta.

Kwa wanaofikiria kuweka akiba ya feni dukani, mtaji usifungwe kwa kubahatisha. Mafundi waandike namba ya kila feni wanayobadilisha. Baada ya miezi michache daftari hilo litaonyesha namba zinazojirudia, na hizo ndizo za kununua kwa pamoja ili nauli moja igawanywe kwa feni nyingi.