Istilahi za Ufundi wa Magari: Milio ya Mkondo wa Nguvu

Utangulizi

Miongoni mwa maandishi ambayo wafasiri wetu huletewa mara kwa mara ni vitabu vya mwongozo wa mitambo: pampu, jenereta, matrekta na magari. Kazi hii huonekana nyepesi kwa kuwa picha zipo na sentensi ni fupi. Lakini ni katika maandishi ya namna hii ambamo neno moja lililowekwa ovyo huweza kuharibu kipuri cha thamani, au hata kumwua mtu. Riwaya ikifasiriwa vibaya, msomaji huifunga akaenda zake; mwongozo wa ufundi ukifasiriwa vibaya, msomaji huufuata.

Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi za sehemu moja tu ya gari, yaani vile vipuri vinavyochukua nguvu za injini na kuzifikisha kwenye magurudumu, pamoja na milio inayosikika vinapochakaa. Ili maelezo yetu yasielee hewani, tumechagua mfano mmoja: gari aina ya Datsun 240Z, lenye injini ya silinda 6 na ujazo wa lita 2.4, lililotengenezwa Japani kuanzia mwishoni mwa mwaka 1969 hadi 1973. Gari hili si geni Afrika ya Mashariki. Ndilo lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Lofty Drews. Yaliyosalia leo yamepita umri wa miaka 50, na wengi wa wenye nayo, huko Japani, Marekani na Uingereza, huyatengeneza wenyewe nyumbani wakiwa na kitabu mkononi. Mtu wa namna hiyo hana fundi wa kumwuliza. Neno la kitabu ndilo fundi wake.

Tunaliita gari hili "gari la kasi", wala si "gari la mbio". Gari la mbio ni lile lililotengwa kwa mashindano. Neno "mwendokasi" nalo tumeliepuka, kwani tangu mwaka 2016 wakazi wa Dar es Salaam wakilisikia hufikiria mabasi yao.

1. Jina la mfumo na vipuri vyake

Wako wanaouita mfumo huu "mfumo wa uendeshaji". Istilahi hiyo haifai, kwa sababu uendeshaji ni kazi ya dereva, na mwenye usukani mkononi ataelewa kuwa unazungumzia usukani. Tunapendekeza "mkondo wa nguvu". Nguvu hutoka kwenye injini, zikapita kipuri baada ya kipuri, mfano wa maji mferejini, hadi zikafika kwenye gurudumu.

Katika Datsun 240Z mkondo huo ni kama ifuatavyo. Injini huzungusha flaiwili. Klachi huunganisha au hutenga injini na giaboksi. Giaboksi hupunguza au huongeza mwendo. Kutoka hapo shafti ndefu hupita chini ya sakafu ya gari hadi kwenye difu iliyo nyuma. Difu hugeuza mzunguko kuelekea kushoto na kulia, na huyaruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa mwendo usiolingana gari linapokata kona. Mwishowe shafti mbili fupi hufikisha nguvu kwenye magurudumu. Mahali shafti inapohitaji kupinda huku ikizunguka pana kiungo chenye umbo la msalaba, ambacho mafundi hukiita "krosi".

Maneno "klachi", "giaboksi", "difu" na "krosi" yamekwisha kukaa katika vinywa vya mafundi, na hatuoni sababu ya kuyafukuza. Tatizo liko kwenye ile shafti ndefu. Fundi husema "propela shafti", au "propela" tu, na akieleweka gereji hakuna ubaya. Lakini mfasiri asiyeijua gari hufungua kamusi, akakuta kuwa propela ni rafadha, akaandika "mhimili wa rafadha". Rafadha ni ile inayosukuma chombo majini au hewani. Gari halina kitu hicho. Hali kadhalika "mhimili" hubeba uzito, ilhali kazi ya shafti hii ni kupeleka mzunguko. Tunapendekeza "shafti kuu" kwa ile ndefu na "shafti ya gurudumu" kwa kila moja ya zile fupi. Afisa ugavi anayeandika "shafti" peke yake katika hati ya kuagizia vipuri asishangae akiletewa asiyoitaka.

2. "Kelele" haitoshi

Hapa ndipo penye kiini cha makala yetu. Tafsiri nyingi za miongozo hutumia neno "kelele" kwa kila sauti isiyotakiwa. Kwa msomaji wa kawaida kelele ni kelele; kwa mwenye kutafuta ubovu kila sauti ina kwao. Mganga hamwandikii mgonjwa "maumivu" akatosheka. Huuliza kama yanachoma, yanakata au yanavuta. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya sauti. Upungufu uko katika kuyapanga. Tunapendekeza yapangwe hivi:

(a) Kishindo. Ni sauti nzito ya mara moja inayosikika dereva anapoachia klachi, au anapoondoa mguu kwenye pedali ya mwendo kisha akaurudisha. Katika Datsun 240Z pua ya difu hukaa juu ya kitako cha mpira. Injini inapovuta kwa nguvu, pua hiyo hutaka kuinuka. Mpira ukiwa umechanika, difu huinuka na kugonga. Nyuma difu hushikwa na pau ya chuma iliyopinda, yenye mipira kwenye ncha zake. Wapenzi wa gari hili wanaosema Kiingereza wameipa pau hiyo jina la masharubu kwa sababu ya umbo lake. Mfasiri hana haja ya kuyahamisha masharubu hayo. "Pau ya nyuma ya difu" yatosha. Kishindo huweza pia kutoka kwenye krosi zilizochakaa. Ili kutenga chanzo, gari huegemezwa vizuri, gia hutolewa, breki ya mkono huvutwa, kisha shafti kuu huzungushwa kwa mkono kwenda na kurudi. Upande mmoja wa krosi ukisogea na wa pili ukabaki, krosi hiyo imekwisha. Zikitulia krosi zote, mtengenezaji akague mpira wa difu kwa kuinua pua yake polepole kwa mtaimbo na kutazama kama mpira unafunguka.

(b) Mlio mwembamba. Ni sauti ya juu isiyokatika, inayobadilika dereva anapoongeza au kupunguza mwendo. Aghalabu hutoka kwenye meno ya difu yaliyolika au yasiyokutana sawasawa, au beringi zilizoyashika. Hatua ya kwanza ni kupima oili ya difu, kwa kuwa difu iliyokauka hulia kabla ya kuvunjika.

(c) Mvumo. Ni sauti ya chini kama ya nyuki mzingani, ikuayo kadiri gari linavyokwenda kasi. Ukibadilika kwa kubadilika barabara, ni wa matairi. Ukibadilika gari linapoelemea upande mmoja kwenye kona, ni wa beringi ya gurudumu.

(d) Mngurumo. Tunaliweka neno hili kwa sauti ya giaboksi inayosikika gari likiwa limesimama, injini inazunguka na gia imetolewa. Ukikanyaga klachi mngurumo ukapotea, shuku beringi ya shafti inayoingia kwenye giaboksi. Ikiwa kinyume chake sauti huanza pale klachi inapokanyagwa, shuku beringi ya kuachia klachi. Tofauti ya vipuri hivi viwili imo katika vitenzi "kupotea" na "kuanza". Mfasiri akiandika "kelele husikika klachi inapotumika", amemfungulia mtu giaboksi bure.

(e) Mwaliko. Ni sauti kavu na fupi ya kitu kinachoalika, kama vidole au mjeledi, inayofuata mzunguko wa gurudumu. Hutoka kwenye viungo vya shafti. Katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele husikika zaidi kwenye kona. Wako watakaosema kuwa mwaliko ni wito wa karamu. Ni kweli, lakini muktadha hautamchanganya mtu aliye chini ya gari.

(f) Msago. Ni sauti ya meno yanayokataa kuumana gia inapoingizwa. Ama klachi haitengi kabisa, ama ringi za kulinganisha mwendo ndani ya giaboksi zimelika.

(g) Mtetemo. Huu hausikiki sana bali huhisiwa, hasa katika kiwango fulani cha mwendo. Shafti kuu iliyopoteza mizania huuleta. Kwa hiyo mwongozo husisitiza kuweka alama kwenye shafti na kwenye difu kabla ya kuifungua, ili irudishwe ilivyokuwa. Sentensi hiyo isiachwe katika tafsiri kwa kudhaniwa kuwa ni maneno ya ziada.

3. "Kucheza" na "mwanya"

Kiingereza hutumia neno moja kwa uhuru wa kipuri kusogea, uwe umekusudiwa au ni wa ubovu. Fundi wa Kiswahili husema "gurudumu linacheza", naye huwa ametoa hukumu tayari. Lakini pedali ya klachi inatakiwa isogee kidogo kabla ya kuanza kazi, na meno ya difu yanatakiwa yawe na nafasi ndogo kati yao. Yakibanwa yasiwe nayo, huchemka na kuharibika. Tunashauri "mwanya" litumike kwa nafasi iliyokusudiwa, na "kucheza" kwa ulegevu wa ubovu. Hivyo tuseme: "Pima mwanya wa pedali", lakini "Krosi ikicheza, ibadilishwe".

4. Neno "mafuta"

Neno hili lina hatari kuliko yote. Mafuta huweza kuwa petroli, dizeli, oili ya kulainisha, grisi, hata ya kupikia. Katika mwongozo tutaje kitu chenyewe: petroli, oili ya injini, oili ya giaboksi, oili ya difu. Oili hizi mbili za mwisho zisichanganywe kwa jina moja la "oili ya gia". Difu ya gari hili huchukua takriban lita 1 ya oili nzito ya daraja la GL-5, ambayo huyakinga meno yanayosuguana kwa mkazo mkubwa. Giaboksi hutakiwa oili ya GL-4, kwa kuwa baadhi ya oili za GL-5 zina kemikali zinazoweza kula ringi za shaba zilizomo ndani yake. Mwongozo mwema huongeza kuwa kizibo cha juu, cha kujazia, kifunguliwe kwanza kabla ya kile cha chini. Ukimwaga oili yote kisha kizibo cha juu kikakataa kufunguka, gari haliendi popote.

Hatari kubwa zaidi imo katika maneno "mafuta ya breki". Kinachotiwa katika breki za gari hili si mafuta. Mtu akifuata neno na kutia oili, mipira ya breki huvimba, na breki zikamtupa. Tunapendekeza "kiowevu cha breki", japokuwa mazoea ya dukani ni mengine.

5. Jeki na egemeo

Kazi zote tulizozitaja hufanyika chini ya gari. Jeki huinua, haikuumbwa kubeba gari huku mtu amelala chini yake. Kinachobeba ni miguu ya chuma inayowekwa baada ya kuinua. Baadhi ya tafsiri hukiita kifaa hiki nacho "jeki", na hivyo agizo la usalama kabisa likageuka kuwa agizo la mauti: "Liweke gari juu ya jeki, kisha ingia chini." Neno "stendi" nalo limekwisha chukuliwa na mabasi. Tunapendekeza "egemeo", wingi "maegemeo". Agizo na liandikwe kwa ukamilifu: "Simamisha gari mahali tambarare na pagumu, zuia magurudumu ya mbele kwa kabari, inua kwa jeki, weka maegemeo, teremsha gari likae juu ya maegemeo, litikise, ndipo uingie."

6. Mapendekezo

Tunawaomba wafasiri, walimu wa vyuo vya ufundi na watumishi wanaoshughulikia vyombo vya Serikali wazingatie yafuatayo:

(i) Neno la fundi lipewe nafasi ya kwanza, isipokuwa pale linapochanganya vitu viwili.

(ii) Kitu kimoja kiwe na jina moja kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Uzuri wa mtindo usitafutwe kwa kubadilisha istilahi.

(iii) Majina "klachi", "difu", "krosi", "shafti" na "beringi" yote yawekwe katika ngeli ya I-ZI: difu hii, difu hizi.

(iv) Neno "kelele" libakie kuwa jina la jumla tu, na kila sauti itajwe kwa jina lake: kishindo, mlio mwembamba, mvumo, mngurumo, mwaliko, msago.

(v) Tafsiri isomwe kwa sauti mbele ya fundi kabla ya kupigwa chapa. Akisita, mfasiri asimlaumu. Aitazame sentensi yake upya.

Hitimisho

Hatudai kuwa istilahi hizi ni za mwisho. Neno husanifiwa na wataalamu, lakini hukubaliwa na watumiaji, na yamkini mafundi wa Tanga, Mombasa au Bujumbura wana majina bora kuliko haya. Wasomaji walio nayo watuletee, wakieleza kipuri kinachotajwa na sauti inayosikika. Jambo tunalolishikilia ni moja: anayetengeneza gari peke yake nyumbani huanza kwa kusikiliza, na hawezi kuutafuta katika kitabu ubovu ambao kitabu hakikuupa jina.