Injini iliyopimwa Kitengela haijaijua hewa ya Mombasa

Ukitoka Kitengela ukapitia Isinya na Kiserian mpaka Magadi, hujatoka Kaunti ya Kajiado, lakini umeteremka karibu mita 1,000. Kitengela iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Magadi liko mita 600 hivi. Gari la kisasa halikuambii lolote kuhusu mteremko huo. Kompyuta yake inarekebisha petroli kimyakimya na wewe unaendelea kusikiliza redio. Injini ya ndege, hasa ile ambayo mwenyewe ameifunga kwa mikono yake karakanani, hukuambia, na wakati mwingine hukuambia ukiwa mahali pasipo na pa kuegesha.

Jambo hili si la mbali na watu wa huku. Uwanja wa ndege ndogo wa Orly uko upande huu wa Kajiado, na magazeti yetu hayapitishi muda mrefu bila habari ya kijana fulani aliyeunda ndege uani kwao akatafuta injini ya gari au ya pikipiki ya kuirusha. Miongoni mwa injini za gari ambazo waundaji wa ndege, hasa Marekani, wamezipenda kwa miaka mingi ni ile ya rotari, aliyoianzisha Mjerumani Felix Wankel na iliyounguruma kwa mara ya kwanza katika kampuni ya NSU mwaka 1957. Mazda ndiyo iliyoishikilia wengine walipoiacha, kuanzia Cosmo ya mwaka 1967 hadi RX-8, iliyokoma kuundwa mwaka 2012. Ndani yake hamna pistoni wala valvu. Kuna rota yenye pembe tatu inayozunguka ndani ya chumba chenye umbo la yai lililobanwa kiunoni, na kwenye kila ncha kuna sili nyembamba ya chuma inayozuia moto usivuke. Ni ndogo, haitetemeki sana, na kwa kuwa haina valvu ya ekzosi inayowaka kama kaa, huvumilia petroli ya kawaida ya kituoni bila kugonga, yaani petroli kulipuka isivyotakiwa, kwa urahisi. Ubaya wake ni moshi wake. Unatoka ukiwa moto kuliko wa pistoni, kiasi kwamba waundaji wengi wamewahi kuziona ekzosi zao nyepesi zikipasuka au kulika kwa ndani. Tutarudi kwenye nyufa hizo.

Ninachodai katika makala haya ni kwamba mchanganyiko wa hewa na petroli katika injini kama hiyo hauwezi kunakiliwa wala kukisiwa. Unapimwa katika hewa ile ile utakayorukia. Watu huepuka kazi hiyo kwa njia mbili za mkato. Ya kwanza ni kuiachia kompyuta, ya pili ni kuzidisha petroli ili kujihakikishia. Ya kwanza inaweza kuua injini. Ya pili inaweza kumuua rubani, na hiyo ndiyo isiyozungumzwa vya kutosha.

Tuanze na hesabu. Gramu moja ya petroli huhitaji gramu 14.7 za hewa ili iungue yote bila kubakisha. Injini inapotakiwa kutoa nguvu zake zote, kama wakati wa kupaa, hupewa petroli zaidi kidogo, hewa ikashuka hadi 12.5 au 13 kwa moja. Sasa chukua saa nane mchana Kitengela, joto likiwa nyuzi 28: lita moja ya hewa hapo ina uzito wa asilimia 79 tu ya hewa ya kawaida ya usawa wa bahari. Mombasa, hata katika joto la nyuzi 30, hewa ni nzito kuliko hiyo kwa moja ya tano. Kama nozeli zingemwaga kiasi kile kile cha petroli kote, injini iliyowekwa 12.5 Kitengela ingefika Mombasa ikiwa na 15. Huo ni mchanganyiko mkavu, yaani wenye petroli haba, kwa injini iliyosukumwa hadi mwisho, na ukavu wa namna hiyo ndio unaoleta kugonga na kuvunja sili za ncha. Ukigeuza safari, iliyowekwa 12.5 pwani ingefika Kitengela ikiwa chini ya 10.5. Hapo plagi inatoka nyeusi tii, ukipitisha kidole mdomoni mwa ekzosi kinarudi na masizi makavu, na nguvu zimepungua hali mafuta yanaliwa.

Atasema fundi wa magari, na ana haki ya kusema: hiyo ni hadithi ya enzi za kabureta, siku hizi kompyuta inapima shinikizo la hewa inayoingia na joto lake, inarekebisha yenyewe. Ni kweli inapima. Lakini tazama inafanya nini na kipimo hicho. Ndani yake kuna jedwali, mfano wa daftari la visanduku: upande mmoja mizunguko ya injini kwa dakika, upande mwingine shinikizo la hewa. Kila kisanduku kina namba inayosema nozeli zifunguke kwa muda gani, na namba hiyo iliandikwa na mtu. Usawa wa bahari shinikizo la hewa ni kilopaskali 101. Kitengela ni kama 83. Injini isiyo na turbo, hata usukume mkono wa mafuta mpaka mwisho, haiwezi kuvuta shinikizo lililozidi lile lililo nje. Maana yake ni kwamba safu za 85, 90, 95 na 100 za jedwali hilo hazitaguswa hata siku moja kwenye uwanja wa Kitengela. Fundi anaweza kupima wiki nzima, injini ikaimba vizuri, naye akatangaza kazi imekwisha, ilhali safu nne za juu, ambazo ndizo za nguvu kubwa, bado zina namba za kukisia au zilizonakiliwa kutoka kwa injini ya mtu mwingine. Siku ndege hiyo itakapopaa kutoka pwani, mtihani wa kwanza wa namba hizo utakuwa pale magurudumu yanapoachana na ardhi.

Hata safu zilizoguswa hazijaguswa zote. Propela isiyobadilika pembe huifunga injini kwenye mstari mmoja mwembamba wa jedwali: mizunguko fulani kwa shinikizo fulani, basi. Ukiwa umefunga breki uwanjani hupati visanduku vya kuteremka wala vya kupanda kwa pua juu. Tena kuna jambo dogo ambalo jedwali la shinikizo pekee halilioni. Injini inayotapika moshi kwenye hewa nyepesi hutapika kwa urahisi, hivyo kwa shinikizo lile lile la kuingilia, hewa mpya inayopata nafasi ndani ni nyingi kidogo kule juu kuliko chini. Tofauti ni ya asilimia chache, lakini huelekea upande wa ukavu.

Na kile kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi, ambacho wengi hudhani kinasahihisha kila kosa? Katika gari la kawaida kompyuta hukisikiliza unapoenda mwendo wa taratibu. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, huacha kukisikiliza na kurudi kwenye jedwali. Gari hukaa katika hali hiyo kwa sekunde chache, kulipita lori la saruji pale Athi River. Ndege husafiri kwa nusu hadi robo tatu ya nguvu zake saa nzima mfululizo. Ukipima, tumia kihisi cha masafa mapana kinachosoma kuanzia 10 hadi 20, na ukitumie kama mwalimu wa jedwali. Usikipe usukani, kwa sababu kikifa angani, kompyuta inayokitii itakwenda nacho.

Njia ya pili ya mkato ina sifa ya hekima. Zidisha petroli, husema wazee wa karakana, petroli inapoza, injini iliyoshiba haivunjiki. Wakati wa kupaa wana hoja, na sibishani nao kuhusu dakika zile mbili tatu. Tatizo ni kuufanya huo uwe mwendo wa safari nzima. Petroli isiyopata hewa ya kutosha haitoweki. Huungua nusu, na nusu hiyo ndiyo kaboni monoksidi. Kwa mchanganyiko wa 15 na zaidi gesi hiyo karibu haipo, kwa 12.5 tayari ni nyingi ndani ya moshi, na kwa 10 huongezeka maradufu hivi. Wakenya wanaijua kwa jina lingine: ni ile ya jiko la makaa lililoingizwa chumbani usiku wa Julai na dirisha likafungwa. Haina harufu. Hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, ikakalia kiti cha oksijeni kama abiria asiyetaka kushuka. Kichwa huuma, kichefuchefu hufuata, na kabla ya hayo uamuzi huwa umeshaharibika bila mwenyewe kujua. Lawama huelekezwa kwa jua au kwa chai ya asubuhi. Kwenye hewa ya kawaida huchukua saa nne au tano nusu yake kutoka mwilini.

Lakini moshi uko nje na upepo wa propela unaupeleka nyuma, utaambiwa. Upepo huo huo hufanya shinikizo ndani ya chumba cha rubani liwe dogo kuliko nje, na kila tundu lisilozibwa kwenye ukuta wa injini huwa mlango. Hapa ndipo zile nyufa za ekzosi za rotari zinapokuwa na uzito. Januari 2019 ndege ndogo iliyombeba mwanasoka Emiliano Sala kwenda Cardiff ilianguka baharini. Wachunguzi wa Uingereza walikuta asilimia 58 ya himoglobini yake imeshikwa na kaboni monoksidi, wakaeleza kwamba inaelekea rubani naye aliathirika. Injini ile ilikuwa ya pistoni, iliyotoka kiwandani na si ya kuundwa uani, na ndani hamkuwa na kifaa cha kupiga kengele. Rubani anayetoka Kitengela kuelekea Amboseli kwa kimo cha mita 3,000 anapumua hewa yenye asilimia 70 tu ya oksijeni ya pwani. Hana akiba ya kuigawia gesi hii.

Wapo watakaotaka kukwepa yote haya kwa kununua petroli ya ndege. Hiyo bado ina risasi, hadi gramu 0.56 kwa lita, wakati petroli ya magari katika Afrika kusini mwa Sahara iliachana na risasi kufikia Januari 2006. Risasi hufupisha sana maisha ya kihisi cha oksijeni, na kikifa huna tena cha kupimia. Kuhusu madhara ya risasi kwa watoto, mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa, uliotiwa sumu ya risasi, ulishatufundisha yale yasiyohitaji kurudiwa, na Kitengela yenye watu zaidi ya 150,000 inazidi kujenga nyumba karibu na kila kiwanja.

Kwa hiyo kazi ifanywe polepole. Funga kihisi, weka kifaa cha kidijitali cha kaboni monoksidi mbele ya macho kabla injini haijawashwa mara ya kwanza, acha namba zijirekodi zenyewe ili rubani arushe ndege, kisha ukae nazo mezani jioni. Safu ambazo hazijaguswa ziandikwe kwa petroli ya ziada makusudi na zitiwe alama nyekundu, maana hapo, kama katika dakika zile za kupaa, ushauri wa wazee una mahali pake. Kisha ondoa alama moja moja. Bahati ya Kajiado ni kwamba si lazima kwenda mbali: asubuhi tulivu, juu ya bonde la Magadi, shinikizo hufika kilopaskali 92 na zaidi, na safu za 85 na 90 zinapatikana bila kutoka kaunti. Za 95 na 100 ziko Mombasa.