Msaidizi wako kipenzi anaweza kukuvunjia timu

Mfanyabiashara mwenzangu, hata kama timu yako ni watu watatu tu, anayejibu meseji, anayefunga mizigo na boda wako, lazima yupo mmoja mnayeelewana zaidi. Hilo ni kawaida. Shida inaanza wengine wakiona faida yote inamwendea yeye.

Kabla sijaanza kuuza viatu mtandaoni, niliajiriwa kwenye duka la nguo. Tulikuwa wanne, na bosi alikuwa na mtu wake. Huyo ndiye aliyeambiwa mzigo mpya unaingia lini na bei zimebadilika vipi. Akichelewa, haulizwi. Sisi tukichelewa, tunakatwa hela. Basi mteja akiuliza kitu tunamwambia, "Msubiri dada, yeye ndiye anajua." Nguo yenye doa ikipita mbele yetu tunanyamaza. Hasara alikula bosi, na yule dada naye hakuna aliyekaa naye kula mchana.

Kumbe jambo hili limeandikwa zamani. Mwaka 1975 Dansereau, Graen na Haga, watafiti wa Marekani, walieleza kwamba bosi hana uhusiano wa aina moja na wafanyakazi wote. Wapo wa ndani, wanaopewa taarifa na kuaminiwa. Wapo wa nje, wanaofanya walichoajiriwa kufanya, basi. Mwaka 1995 Graen na Uhl-Bien walishauri kila mfanyakazi apewe nafasi ya kuingia ndani.

Kwangu sasa nafanya hivi:

1. Bei mpya na stoku natuma kwenye grupu moja la WhatsApp, wote wanaona kwa wakati mmoja.

2. Sheria ya kuchelewa ni moja, hata kwa mdogo wangu ninayefanya naye kazi.

3. Anayelipwa zaidi, sababu inajulikana. Kamisheni ni kwa kila oda iliyolipiwa, na hesabu kila mtu anaiona.

4. Kila mmoja ana kitu chake cha kusimamia. Anayefunga mizigo ana ruhusa ya kuzuia kiatu chenye kasoro bila kuniuliza.

Leo jaribu hili: muulize yule msaidizi usiyeongea naye sana, "Wateja wanalalamikia nini siku hizi?" Halafu msikilize mpaka amalize. Huenda anajua kitu ambacho kipenzi wako hajawahi kukwambia.