Uteuzi wa Tawi la Uzamili katika Kazi ya Ustawi wa Jamii

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Hata hivyo, kwa mhitimu anayeazimia kusomea uzamili katika kazi ya ustawi wa jamii, kuteua jembe ni sehemu ya ukulima wenyewe. Tawi analolichagua ndilo huamua atawahudumia akina nani na kwa mbinu zipi. Makala hii inafafanua suala hilo kwa kurejelea Marekani, ambako programu nyingi huwapokea wenye shahada ya kwanza ya taaluma yoyote, Kiswahili kikiwemo, na kwa kawaida huchukua miaka miwili.

Jambo la kwanza ni mkondo. Mnamo mwaka wa 1889, Jane Addams na Ellen Gates Starr walianzisha Hull House jijini Chicago, makao yaliyowahudumia wahamiaji maskini. Wakaazi wake walipigania pia sheria za kuzuia ajira ya watoto viwandani. Mary Richmond naye, katika kitabu Social Diagnosis (1917), alieleza namna ya kuchunguza hali ya mtu binafsi na familia yake. Hadi leo, anayebobea katika ushauri na tiba hukaribiana na Richmond, ilhali anayebobea katika sera, utawala au maendeleo ya jamii hukaribiana na Addams.

Pili ni ithibati. Programu za Marekani huidhinishwa na baraza la elimu ya taaluma hii lililoundwa mwaka wa 1952. Aghalabu majimbo hayatoi leseni ya tiba kwa mtu ambaye shahada yake haina ithibati hiyo. Anayelipuuza sharti hili huenda akahitimu vyema, kisha akafungiwa mlango wa kazi aliyoisomea.

Tatu ni mafunzo ya nyanjani, ambayo hayapungui saa 900. Mwombaji hana budi kuuliza saa hizo zitatumika wapi: hospitalini, shuleni, gerezani au mitaani?

Hapa ndipo lugha inapodhihirisha uzito wake, kwani nyenzo kuu ya mhudumu ni mazungumzo. Miongoni mwa wakimbizi waliopokelewa Marekani wamo Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili. Mjane akisema, "Moyo unaniuma," mkalimani anayefasiri neno kwa neno anaweza kumfanya apimwe moyo, ilhali anaomboleza. Isitoshe, Kiswahili cha Bukavu si kile cha Mombasa; hata mjuzi wa Kiswahili sanifu hulazimika kusikiliza upya.

Kwa hivyo, msomi wa Kiswahili anayevutiwa na taaluma hii asiichukulie lugha yake kuwa pambo. Katika ushauri na tiba, humwezesha kumwelewa mteja bila mpatanishi. Katika sera, humwezesha kueleza haki kwa maneno yanayoeleweka. Ateue kwanza watu atakaowahudumia, kisha mkondo, na jina la chuo lifuate baadaye.